Simu Kwenye Ungo: Kwa Anayekwenda Kuwaongoza Watumiaji

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ile ambayo watu wote walinikubalia. Ilikuwa Kasulu, katika chumba cha nyuma cha duka la Bwana Shabani, asubuhi ya kiangazi yenye baridi, ukungu ukiwa bado umelalia mikaratusi ng'ambo ya barabara. Nilisimama mbele ya watu waliotoka Kasulu, Kibondo na Kakonko, nikajitambulisha kuwa ndiye mratibu mpya wa jumuiya yao ya watumiaji, kisha nikawaomba waniambie kero zao. Wakanitazama kwa upole. Niliuliza kama programu inawasumbua, wakasema haiwasumbui. Niliuliza kama toleo jipya wamelipokea, wakasema wamelipokea na wanashukuru. Tukanywa chai ya tangawizi, wakanipigia makofi, wakaagana nami mmoja mmoja kwa mikono miwili, wakaenda zao.

Nilibaki nikikusanya vikombe pamoja na Bwana Shabani, nikamwambia kwamba mkutano umekwenda vizuri. Yeye amefanya biashara mjini pale tangu alipoachiwa duka na baba yake aliyetoka pwani. Alinitazama kidogo, akasema kwamba wateja wake wanaonunua kweli ndio wanaomgombeza, na kwamba wale ambao hatawaona tena huwa wapole sana. Nilipanda kitandani jioni ile nikiwa na shaka ambayo haikuwa na jina.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu uliniandikia, ukiwa na furaha nyingi, kwamba umeteuliwa kushika nafasi ileile niliyoianza mimi nikiwa na umri kama wako. Sikukujibu upesi. Usinune, mwanangu; furaha yako ilinitia wasiwasi kidogo, hasa pale uliposema kwamba watu wamekupokea vizuri na hakuna aliyekupinga. Nikaona nisikutumie pongezi tupu. Nikusimulie kwanza, kisha pongezi zifuate kama zitakuwa bado zinakufaa.

Wewe unaijua programu yenyewe, lakini huenda barua hii ikasomwa na wengine, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Ni programu ya simu kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya mihogo. Mtu huingia shambani, hupiga picha majani yenye batobato au shina lenye michirizi ya kahawia, hujibu maswali machache, na taarifa husafiri hadi kwa watafiti wanaofuatilia ugonjwa unaelekea wapi. Waliitengeneza wahadhiri na vijana wao katika mji wa mbali, wakaigawa bure. Walioitumia kwetu walikuwa maafisa ugani, wadadisi wa tafiti, wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, na wakulima waliofundishwa kukagua majani. Hao wote kwa pamoja ndio walioitwa jumuiya, na mimi niliajiriwa kuwa mlezi wao: kuwasikiliza, kuwafundisha, kupeleka malalamiko yao kwa watengenezaji na kurudi na majibu.

Kwa maneno mengine, nilisimama katikati. Asimamaye hapo hutiliwa shaka na pande zote mbili, nami nakuomba uone mapema kwamba hiyo ni haki yao. Mimi sikuliona hilo. Nilizaliwa Kibondo, nilikua nikizungumza Kiha nyumbani, nikaenda chuo kikuu kusoma takwimu, na niliporudi nilidhani lugha ya mama yangu ingenifungulia milango. Ilifungua milango, lakini waliokuwa ndani wakawa waangalifu zaidi. Mgeni kabisa hawezi kujua nani ni ndugu wa nani, wala nyumba ipi imejificha nyuma ya mgomba upi. Mtu wa kwenu aliyetumwa na watu wa mbali anajua yote hayo, au anaweza kuyaulizia bila mtu kushtuka.

Sasa niseme jambo lililonipeleka Heru Juu, kata moja ya Kasulu. Kama mratibu niliruhusiwa kuona ramani ambayo kila shamba lililokaguliwa lilionekana kama nukta. Kibondo nukta zilitawanyika vizuri mabondeni na vilimani. Heru Juu zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, moja juu ya nyingine, kana kwamba kata nzima ina shamba moja. Nilimwonyesha Deo, kijana wa ugani kutoka upande wa Kakonko, mtu wa mizaha ambaye hata salamu aliitania. Aliangalia, akaniambia kwa sauti nzito kwamba ndivyo ilivyo, Heru Juu wana shamba moja tu ila lina wenyewe wengi. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimekwishawahukumu. Niliamini kwamba wanakaa barazani kwa mtu na kubuni majibu.

Nikachukua bodaboda siku iliyofuata bila kumpigia mtu simu. Nilitaka kuwakuta kama walivyo.

Niliwakuta. Nukta ile ilikuwa ua wa Mzee Bukuru, na uani palikuwa na wanawake watatu waliokuwa wamerudi mashambani punde tu, miguu yao ikiwa na udongo mwekundu hadi vifundoni. Mbele yao kulikuwa na majani ya mihogo yaliyofungwa mafungu mafungu kwa nyuzi za migomba, kila fungu na kipande cha karatasi chenye jina la mwenye shamba. Kando ya ukuta kulikuwa na ungo, na ndani ya ungo simu zao, zote zimezimwa, zimefunikwa kanga. Mmoja alikuwa akiiwasha yake ili aanze kujaza taarifa. Aliponiona, aliizima tena, akairudisha kwenye ungo, kisha ndipo akanisalimu. Alinisalimu kwa heshima zote, kwa kupiga magoti kidogo na kupiga makofi ya polepole kama wafanyavyo mama zetu, na katika salamu ile ndefu nilijua kwamba nimekuja mahali ambapo sikutakiwa.

Huyo alikuwa Consolata. Lazima nikueleze habari zake sasa, ingawa mimi mwenyewe niliambiwa baadaye sana, kwa maana usipozijua utamwona mkaidi kama nilivyomwona mimi. Wazazi wake walitoka Burundi, naye alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa yeye alikuwa amekwishaolewa na mtoto wa Mzee Bukuru, na baadaye akapata uraia. Katika maisha yake alikuwa amehesabiwa na kuandikishwa mara nyingi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa, na kila alipohesabiwa kuna jambo lilibadilika, mara kwa heri, mara kwa shari, wala hakuulizwa analitaka lipi. Alikuwa na dada mkubwa, mjane mwenye watoto, aliyekaa upande wa Kakonko. Karatasi za uraia za dada huyo zilikuwa bado zinashughulikiwa. Consolata alimpelekea maharage na unga kila alipoweza, na katika dunia yote hii hakukuwa na nyumba aliyotaka isijulikane kwa mtu ila hiyo.

Niliketi, nikauliza kwa nini simu haziendi shambani. Walitazamana. Mmoja akasema zinaweza kulowa. Ilikuwa kiangazi, mwanangu. Hata umande ulikuwa umekauka. Nikamgeukia Consolata, naye akanieleza kwa sauti ya chini kwamba siku moja, akiwa safarini na simu mfukoni, simu ilitikisika, na alipoitazama programu ilikuwa imemwandikia: karibu Kakonko, je, kuna shamba ungependa kulirekodi hapa? Yeye hakuwa ameifungua programu siku ile. Wala hakuwa amemwambia mtu kwamba anakwenda Kakonko.

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Nilisema haiwezekani, kwamba programu hupokea mahali pale tu mtu anapojaza taarifa za shamba, na kwamba huenda aliigusa bila kujua. Niliamini nilichosema. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwa na sababu ya kuwatilia shaka walionifundisha. Consolata akaitikia, "Ndiyo, dada. Asante kwa kutueleza." Wale wengine nao wakasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ileile ya chumbani kwa Bwana Shabani.

Wakati huo wote Mzee Bukuru alikuwa amekaa mlangoni akisuka kamba, na nilidhani hasikii. Sasa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe ya ndizi. Akakiinua, akanywa funda moja mbele yangu, akanitazama machoni, kisha akanipa. Wewe pia umelelewa kwetu na unajua maana yake: anayekaribisha huonja kwanza, ili mgeni aone kwamba kilichomo hakina sumu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa. Alisubiri nimeze.

"Sasa mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "hicho ulichotuletea wewe kwenye simu, umekionja?"

Sikuelewa. Nikamwambia kwamba naijua programu yote, nimeisomea.

"Sikuulizi kama unajua kuipika. Nakuuliza umeinywa?" Alirudi kwenye kamba yake. "Hapa anayeleta kinywaji bila kuonja hatumfukuzi. Tunapokea, tunamshukuru sana. Akishaondoka tunamwaga."

Wanawake waliinama kuficha nyuso zao, na nadhani mmoja alicheka. Mimi nilitazama ungo ule na nikaelewa kwa nini mkutano wangu wa kwanza ulikuwa mtamu vile. Walikuwa wamenishukuru sana. Kilichobaki ni mimi kuondoka.

Nilikuwa nimeipakua programu mara nyingi kwenye kompyuta ili kufundisha. Katika simu yangu mwenyewe, ile niliyotembea nayo, sikuwahi kuiweka. Sikuwa na shamba la mihogo. Ningeiweka ya nini? Hilo ndilo jibu nililojipa nikiwa kwenye bodaboda ya kurudi, na kadiri nilivyozidi kulirudia ndivyo lilivyozidi kunitia shaka.

Niliiweka jioni hiyo. Nikaitembeza kila nilikokwenda, Kasulu, Kibondo, safari za Kakonko, bila kuifungua hata mara moja. Katika ukurasa wa waratibu kulikuwa na sehemu ya watumiaji mmoja mmoja ambayo sikuwahi kuifungua, kwa sababu niliichukulia kuwa ni ya mafundi. Niliamua nisiichungulie hadi watu wote wawepo. Sijui kama ulikuwa ujasiri au upumbavu. Nilifikiri kwamba nikiionja jikoni peke yangu na kutoka nje nikitabasamu, hakuna atakayejua nimekunywa nini.

Tukakutana tena kwa Bwana Shabani. Safari hii walijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari za Heru Juu zilikuwa zimewafikia. Nikawaambia nilichofanya na kwamba sijatazama matokeo. Nikafungua jina langu kwenye kompyuta niliyoiunganisha na projekta, na ukutani ikatokea ramani, na juu ya ramani mstari mwekundu.

Ulikuwa unanifuata kila mahali. Ulitoka nami nyumba ya wageni asubuhi, ukanisindikiza dukani, ukapanda nami gari kwenda Kibondo, ukaingia uani kwa mama yangu, ukakaa. Hakuna shamba hata moja nililokuwa nimerekodi. Kisha Deo, aliyekuwa mbele kabisa, akainuka, akasogea ukutani na kuweka kidole nyuma ya soko la Kibondo, mahali ambapo mstari ulikuwa umezunguka na kuzunguka hadi ukawa fundo.

"Dada Mratibu," akasema, "na hapa unapopapenda sana, hapa napo kuna mihogo?"

Ile ilikuwa nyumba ya mwanaume ambaye baadaye alikuja kuwa mume wangu, na ambaye wakati huo hata mama yangu hakuwa amelisikia jina lake. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, huku uso ukiniwaka. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema basi sasa tufungue ya Deo. Deo aliacha kucheka pale pale. Akasema yake hapana. Na kutoka hapo kicheko kilikufa upande huu wa chumba na upande ule, kama kila mmoja amekumbuka fundo lake.

Consolata hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alisimama.

"Fungua yangu," akasema. "Ila niione mimi peke yangu."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, mwanangu. Minong'ono ilianza. Wengine walisema kwamba kama lipo la kuonyesha lionyeshwe kwa wote. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mratibu na Consolata wamekwishaelewana, ndiyo maana alikwenda kwao Heru Juu bila kuaga. Nilijua kwamba nikifunga ramani nitaonekana naficha jambo, na kwamba nikiiacha wazi nitamwanika mwanamke ambaye sikujua ana nini cha kuanikwa. Nilizima mwanga wa ukutani, nikabeba kompyuta, nikatoka naye barazani. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Mmeona?"

Barazani palikuwa na magunia ya chumvi. Tuliketi juu yake, nikafungua jina lake. Mstari wake ulikuwa wa zamani, wa kabla ya ungo. Ulitoka Heru Juu, ukafuata barabara, ukaiacha, ukapanda kilima, ukakoma. Aliweka kidole pale ulipokoma.

"Hapa ndipo anapolala dada yangu," akasema. Ndipo aliponieleza habari za karatasi, kwa maneno machache, bila machozi. Kisha akauliza, "Nani mwingine anaiona hii?"

Nilikuwa na majibu mengi yaliyo tayari. Ningeweza kusema ni mimi tu, au kwamba watafiti ni watu wema, na huenda ni kweli. Nilisema, "Sijui."

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza ninaloliamini," akasema.

Nikampigia simu Daktari, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa watengenezaji, nikaweka sauti ya nje ili Consolata asikie. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa utulivu kwamba mistari iliwekwa ili kuhakikisha wadadisi wanafika mashambani kweli. Nilimwuliza ni nani wanaoiona. Akasema wao, pamoja na washirika wao wa utafiti. Nilimwuliza washirika hao ni akina nani, akasema itabidi aulizie. Nikamwambia basi izimwe leo, na ya nyuma ifutwe, au nitawaambia watu wote waiondoe programu kwenye simu zao.

Daktari akasema, "Dada, tumekuajiri ututunzie watumiaji. Hatukukuajiri utuletee maswali."

Nilimtazama Consolata. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama simu, kama mtu anayesubiri kuona mnyama atageukia upande gani. Nilirudi ndani nikawaeleza watu kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa cha Consolata. Nikawaonyesha namna ya kuiondoa programu, na wakaiondoa, mmoja baada ya mwingine, mbele yangu. Kwa hiyo ukisikia wakisema kwamba mratibu wa kwanza aliivunja jumuiya, jua kwamba hawasemi uongo. Kwa muda nilikuwa kiongozi wa watumiaji wasiotumia kitu, na sikuwa na hakika kama kesho yake ningekuwa na kazi.

Lakini sikiliza kilichotokea baada ya hapo. Hawakuondoka chumbani. Mtu mmoja aliinua mkono akasema kwamba, kwa kuwa tunasema ukweli leo, yale maswali ya programu yameandikwa Kiswahili ambacho bibi yake hawezi kukielewa. Mwingine akasema picha ni nzito mno, zinakwama vilimani na kumaliza kifurushi. Wa tatu akasema neno lililotumika kwa madoa ya majani ni neno ambalo kwao linamaanisha upele wa ngozi, na kwamba wakulima hucheka hadi wanasahau swali. Wakanilaumu, wakanikatiza, wakabishana wao kwa wao hadi Bwana Shabani akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Ule ndio ulikuwa mkutano wangu wa kwanza kweli.

Watafiti walihitaji taarifa za mihogo kuliko walivyohitaji kiburi chao, na hilo ndilo lililoniokoa. Usidhani ni ufasaha wangu. Mvua zilipoanza Daktari alikuja mwenyewe. Alikaa mbele ya watu, palepale niliposimama mimi siku ya kwanza, akaulizwa maswali tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Alisema mistari imefutwa. Consolata akamwuliza atajuaje. Hakuwa na jibu zuri, na mimi pia sikuwa nalo, na hadi leo sina. Toleo lililofuata lilimwomba mtu ruhusa kila mara, na lilihifadhi jina la kata tu, si mahali alipokanyaga. Baadhi walirudi. Wengine, hasa Kakonko, hawakurudi kamwe, na sikuwashawishi. Consolata hakurudi kwa sababu ya Daktari wala kwa sababu yangu. Alikwenda kwanza kumwuliza dada yake, na dada yake alipokubali ndipo akarudi. Karatasi za dada zilikamilika baadaye, kwa njia zake, bila sisi kuwa na mkono wowote.

Na tangu wakati huo watumiaji walijiwekea utaratibu ambao utaukuta. Kila toleo jipya, mratibu hulibeba yeye kwanza, katika simu yake ya kila siku, kisha hufungua ukutani kila kinachoonekana juu yake, mbele ya watu wote. Hawatauandika popote. Hawatakueleza. Watakupokea kwa upole, watakushukuru, na watangoja waone kama utaonja.

Basi hiki ndicho ninachokuachia, mwanangu. Ukiwasikia wakikukubalia kila jambo, usilale vizuri. Rudi uwaulize kwa njia nyingine, nyumbani kwao, ukiwa umekaa chini yao kidogo. Usiwape watu kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiishi, hata kama waliokitengeneza ni walimu wako na unawapenda. Usiitumie lugha ya nyumbani kama ufunguo wa milango ambayo haijafunguliwa kwa hiari. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, kisha utafute jibu mbele ya aliyeuliza, si nyuma yake. Ukimwona mtu amezima simu yake, usianze kwa kumfikiria mwizi, uliza alichokiona. Na kama itakulazimu kuchagua kati ya idadi ya watumiaji wako na usalama wa mmoja wao, punguza idadi.

Unitilie shaka na mimi pia. Haya nimeyasimulia kwa upande wangu, na mtu akisimulia habari zake hujitengea kiti kizuri. Ukifika Kasulu waulize wao ilikuwaje. Deo atakuambia kwa mzaha, Consolata huenda asikuambie kabisa. Wakikupa habari tofauti na yangu, amini ya kwao kwanza.

Pongezi zako nimezitunza hadi hapa, sasa zipokee. Mungu akupe watu wanaokugombeza, na masikio ya kuwavumilia. Akupe ujasiri wa kuwa mdogo mbele ya wale unaowaongoza. Milima yetu ikupokee, njia za Kibondo na Kasulu zikupitishe salama, na kila ua utakaoingia ubaki salama baada yako kama ulivyokuwa kabla hujaja. Amina.